Kowalski: 'Muuaji' wa ulingoni aliyegeuka mwalimu wa kuanguka

Na MWANDISHI WETU

JIONI maji yakishakupwa katika ufuo wa Diani, mchanga ulioachwa na bahari huwa mgumu na tambarare kama sakafu ya saruji. Hapo ndipo vijana wa Ukunda na viunga vyake hukutania. Wengine husakata kabumbu, wengine hufanya mazoezi ya sarakasi, na hawakosekani wawili watatu waliokamatana mashati wakiigiza mieleka waliyoiona kwenye runinga. Mmoja humwinua mwenzake hadi mabegani, humzungusha mara mbili, kisha humbwaga. Waliosimama kando hushangilia. Aliyebwagwa huinuka akicheka, akijipangusa mchanga mgongoni.

Mara nyingi huinuka.

Mwandishi wa makala haya ana mazoea ya kuwauliza vijana kama hao ni nani aliyewafunza. Jibu huwa lilelile: hakuna aliyewafunza, wameona. Ni jibu la kweli, na ndilo lililomfanya afuatilie maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake halitajwi kabisa katika mabishano ya mashabiki wa mchezo huo hapa Pwani ya Kusini. Kuanzia Likoni na Tiwi hadi Msambweni na Lunga Lunga, shabiki wa mieleka ya kulipwa atakutajia bila kusita Hulk Hogan, Undertaker, Stone Cold Steve Austin, The Rock, Triple H na John Cena. Aliwajulia katika vibanda vya video, alikoketi kwenye benchi la mbao akiwa mtoto, na baadaye katika runinga ya nyumbani na simu ya mkononi. Walter Kowalski hamjui. Hata hivyo, Triple H aliposema anataka kuwa mwanamieleka, mlango aliobisha ulikuwa wa mzee huyo.

Kowalski alizaliwa Oktoba 13, 1926, mjini Windsor, katika mkoa wa Ontario nchini Kanada, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Poland. Alikuwa kijana mrefu mwembamba, wa takriban mita mbili, aliyesomea uhandisi wa umeme huku akifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford ili ajilipie masomo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza mieleka, mwanzoni akijiita Tarzan Kowalski. Katika mieleka ya kulipwa kuna watu wema na watu wabaya, kama zilivyo hadithi zetu za sungura na fisi, na mwanzoni haikuwa wazi kijana huyu angewekwa upande gani.

Jambo lililoamua hatima yake lilitokea mjini Montreal mnamo Oktoba 1952. Alikuwa akipambana na Yukon Eric, mtu mnene mwenye kifua kama pipa, ambaye masikio yake yalikuwa yameharibika na kuvimba kwa miaka mingi ya kukwaruzana na wapinzani. Kowalski alipanda juu ya kamba na kuruka kumshukia kwa goti. Eric alijisogeza kidogo. Mguu wa Kowalski ukaparuza upande wa kichwa chake, na sikio likang'oka.

Haikupangwa. Ilikuwa ajali ya kazi, matokeo ya mtu mmoja kusogea inchi chache ambazo hakupaswa kusogea. Kwa masimulizi ya Kowalski mwenyewe, alitakiwa aende hospitalini kumtazama mwenzake. Alipomkuta na bandeji zilizozungushwa kichwani kote, alishindwa kujizuia, akacheka, na Eric naye akacheka. Waandishi wa habari waliokuwa nje ya chumba walisikia kicheko kimoja tu. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba Kowalski amekwenda kumcheka mtu aliyemlemaza. Aliporudi ulingoni, ukumbi mzima ulimpigia kelele kumwita Muuaji, na tangu siku hiyo hadi alipofariki akawa Killer Kowalski.

Kwa miaka ishirini na mitano iliyofuata aliishi kwa jina hilo. Silaha yake kuu ilikuwa mkono wake mkubwa, aliokuwa akimkamata nao mpinzani tumboni na kumkaza kwa vidole hadi asalimu amri. Alichukiwa katika kumbi za Kanada, Marekani, Australia na Japani. Nje ya ulingo alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Tangu katikati ya miaka ya 1950 hakula nyama. Alipenda kupiga picha, na mnamo 2001 kilichapishwa kitabu cha picha zake. Hakuoa hadi mwaka wa 2006, alipokuwa na umri wa miaka 79. Msomaji anaweza kutabasamu hapo, lakini sifa hizo za upole zinafaa kukumbukwa tunapofika kwenye kazi yake ya pili.

Alistaafu mwaka wa 1977. Baadaye alifungua shule ya mieleka katika jimbo la Massachusetts, kaskazini mwa jiji la Boston, na hapo yule aliyesifika kwa kung'oa sikio la mtu akawa mwalimu wa kuwafunza vijana jinsi ya kutoumizana.

Kabla ya kuingia shuleni humo, yafaa tulimalize swali ambalo kila mzazi huuliza: je, wale watu hupigana kweli? Mshindi hupangwa mapema. Kampuni ya WWF, ambayo tangu mwaka wa 2002 huitwa WWE, ilikiri hivyo mbele ya watunga sheria wa jimbo la New Jersey mnamo 1989. Haikukiri kwa kupenda ukweli. Ilitaka iondolewe chini ya kanuni na ada zinazosimamia ndondi na michezo mingine ya aina hiyo, na njia rahisi ilikuwa kusema kwamba shughuli yake ni burudani. Matokeo basi ni ya kuigiza. Lakini mtu wa kilo 120 anapodondoka kutoka juu ya kamba, sakafu haina habari kwamba matokeo yalipangwa.

Kiswahili kililijua jambo hili kabla ya runinga kuwako. Mtu akiteleza kwenye tope la masika na kuanguka kwa kishindo, twasema amepiga mweleka. Neno letu la mchezo huu limetiwa ndani yake ule mwanguko wenyewe, na kila mkufunzi wa mieleka duniani, popote alipo, huanzia hapo hapo.

Ulingo wa mieleka ni fremu ya vyuma, juu yake mbao, juu ya mbao safu nyembamba ya sponji, na juu kabisa turubai lililovutwa kwa nguvu. Mbao hupinda kidogo zinapopigwa, na ndiyo sababu kishindo chake husikika hadi viti vya nyuma. Mwanafunzi hufunzwa kuanguka kwanza akiwa amechutama, kisha akiwa amesimama, na mwisho kutoka mikononi mwa mwenzake. Kidevu hubanwa kifuani ili kisogo kisiguse sakafu. Pumzi hutolewa wakati mgongo unapotua, wala haizuiwi. Mikono hupigwa chini kwa viganja, ikiwa imenyooshwa mbali na kiwiliwili, na uzito hupokewa na sehemu pana ya mgongo iliyo kati ya mabega, badala ya kiwiko, kiuno au kifundo cha mkono. Nguvu ambayo ingevunja kiungo kimoja hutawanywa juu ya eneo kubwa. Hakuna uganga ndani yake. Ni kanuni ileile inayomfanya mchota maji aweke kata kichwani kabla ya kujitwika ndoo.

Mwanafunzi huanguka hivyo mara kumi, mara hamsini, siku baada ya siku, hadi mwili uache kuuliza. Wengi hukata tamaa katika wiki za mwanzo. Wengine hukimbizwa na kamba, ambazo kwenye runinga huonekana laini kama za bembea. Mara nyingi ndani yake mna waya wa chuma, na mgeni anayejirusha juu yake hurudi nyumbani na alama nyekundu kuanzia kwapani hadi mbavuni.

Somo linalofuata ni gumu zaidi, kwa maana linahusu mwili wa mtu mwingine. Anayeinuliwa lazima aruke mwenyewe, amsaidie anayemwinua. Akilegeza mwili kama gunia la mahindi, wote wawili wako hatarini. Anayebwaga naye ndiye mwenye dhamana. Ni lazima ajue kichwa cha mwenzake kiko wapi kila nukta, amwachilie wakati ufaao, na aangalie kwamba atakayetua ana nafasi ya kuubana ule udevu wake. Kwa hivyo yule anayeonekana na watazamaji kuwa katili kuliko wote ndiye aliyepaswa kuwa mwangalifu kuliko wote. Mtu ambaye amewahi kukosea kwa inchi chache, na akaitwa Muuaji maisha yake yote kwa ajili ya inchi hizo, hakuhitaji vitabu kulifundisha somo hili.

Hata waliofunzwa vyema hukosea, na historia ya mchezo huu haifichi. Mnamo Agosti 1997, mjini East Rutherford, jimbo la New Jersey, Steve Austin aliinuliwa miguu juu kichwa chini na Owen Hart, kisha Hart akaketi naye kwa kishindo. Kichwa cha Austin kilikuwa kimeshuka chini ya mapaja ya mwenzake, kikagonga sakafu kwanza. Kwa muda hakuweza kuinua mikono wala miguu. Aliinuka baadaye akamaliza pambano kwa kutambaa, lakini shingo ile haikurudi kuwa ilivyokuwa. Alifanyiwa upasuaji na mwaka wa 2003 akaacha mieleka ya kila mara, akiwa na umri wa miaka 38. Oktoba 1999 ilikuwa zamu ya Darren Drozdov, aliyejulikana kama Droz. Aliinuliwa na mwenzake ili abwagwe kwa mgongo, mwenzake akakosa mshiko mzuri. Ilielezwa kwamba shati pana alilovaa Droz lilichangia. Aliangukia shingo. Hakutembea tena hadi kifo chake mwaka wa 2023.

Watu wote wanne waliohusika katika visa hivyo viwili walikuwa na miaka ya mafunzo. Hakuna aliyemkusudia mwenzake mabaya. Walikuwa na ulingo wenye mbao zinazopinda, madaktari waliokuwa wakisubiri kando, na gari la wagonjwa nje. Sasa turudi kwa muda kwa wale vijana wawili wa Diani waliokamatana mashati.

Mchanga wa maji kupwa haupindi. Yeyote aliyeukimbilia bila viatu anajua ulivyo. Na mtoto anapovunjika shingo hapo, kosa la kwanza hufanywa na marafiki wanaompenda. Humvuta kwa mikono ili asimame. Akishindwa kusimama, humketisha kwenye bodaboda kati ya dereva na mtu wa kumshikilia, kichwa kikining'inia, na safari huanza kuelekea hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni, zaidi ya kilomita 20 kusini mwa Ukunda, au upande wa pili, Mombasa, kupitia kivuko cha Likoni au kuzungukia barabara ya Dongo Kundu. Mtu aliyeanguka kwa kichwa na kulalamika maumivu ya shingo, au ganzi mikononi na miguuni, hapaswi kuinuliwa wala kugeuzwa. Aachwe alivyolala, mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisichezecheze, wengine watafute gari la wagonjwa. Mfupa uliovunjika unaweza kupona. Uti uliokatwa na mfupa huo kwa sababu ya kubebwa vibaya haurudi.

Kampuni za mieleka zenyewe zinajua kwamba watoto huiga, na ndiyo maana onyo la kutojaribu nyumbani limekuwa likirudiwa katika vipindi vyao kwa miaka mingi. Huko Florida, mwaka wa 1999, mvulana wa miaka 12 alimsababishia kifo msichana wa miaka sita, na mawakili wake wakadai mahakamani kwamba alikuwa akiiga mieleka ya runinga. Baraza la wazee wa mahakama halikukubali. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka wa 2001, hukumu ambayo ilibatilishwa na mahakama ya rufaa miaka miwili baadaye. Iwapo dai lile lilikuwa la kweli au la kujitetea tu, nchi nzima ilijadili jambo ambalo wazazi walikuwa wakilitazama sebuleni kila juma.

Turudi Massachusetts. Mwaka wa 1992 alifika katika shule ya Kowalski, mjini Malden, kijana mtunisha misuli kutoka jimbo jirani la New Hampshire, aitwaye Paul Levesque. Alianza kushindana mwaka huohuo. Ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Triple H, bingwa wa dunia mara nyingi, naye hajawahi kuficha alikotoka. Mwingine aliyefunzwa na mzee huyo ni Joanie Laurer, maarufu kama Chyna, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa Intercontinental, mkanda ambao kabla ya Oktoba 1999 ulikuwa umevaliwa na wanaume pekee. Chyna alifariki mwaka wa 2016 akiwa na umri wa miaka 46. Orodha ya waliopita mikononi mwa Kowalski ni ndefu, na si haja yetu kuimaliza, ila kuna jina moja ambalo msomaji wa Afrika hawezi kurukwa nalo.

Kofi Sarkodie-Mensah alizaliwa Ghana mwaka wa 1981 na kulelewa Marekani. Baada ya kuhitimu chuo kikuu mjini Boston alifanya kazi ya ofisini, akaichoka, akaingia mafunzoni na kuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwisho wa Kowalski. Alipoanza kuonekana kwenye runinga ya WWE mnamo Januari 2008 aliitwa Kofi Kingston, na watazamaji waliambiwa ametoka Jamaika. Mghana aliyesoma Boston akawa anaongea kwa lafudhi ya Kingston. Baada ya muda lafudhi hiyo iliachwa kimyakimya, na Aprili 7, 2019, katika uwanja wa MetLife, New Jersey, alimshinda Daniel Bryan na kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa barani Afrika.

Kuna mwenzake wa upande wa pili wa kioja hicho, na Waafrika Mashariki waliokuwa watoto miaka ya themanini watamkumbuka: Kamala, Jitu la Uganda. Alichorwa nyota na mwezi tumboni, akavishwa kinyago na kushikishwa mkuki, na watu wakaambiwa alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Alijifanya hajui hata kanuni ya kumlaza mpinzani chali, akawa anawalalia wakiwa kifudifudi. Jina lake lilikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, na tabia hiyo ilibuniwa Memphis mwaka wa 1982. Kwa hiyo Mwafrika halisi alifanywa Mjamaika, na Mmarekani akafanywa Mganda. Harris alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya kisukari, akafariki Agosti 2020. Aliyemvisha kinyago alimpa riziki, lakini mwandishi huyu hawezi kusema kwamba ilikuwa riziki ya heshima.

Kowalski hakuuona ushindi wa Kingston. Alipata mshtuko wa moyo mapema Agosti 2008, na tarehe 30 ya mwezi huo akafariki, akiwa na miaka 81. Lakini jambo lililofuata ndilo linaloonyesha ukubwa wa kazi yake ya pili kuliko ile ya kwanza. Mnamo Julai 2013, WWE ilifungua kituo chake cha mafunzo mjini Orlando, Florida, chenye ulingo saba ndani ya jengo moja, ukumbi wa mazoezi ya viungo na wahudumu wa afya. Aliyesimamia mpango huo ni Triple H. Wakufunzi waliowekwa humo walikuwa wanamieleka wastaafu, na mmoja wa ulingo hizo uliwekewa sakafu laini kuliko nyingine kwa ajili ya wanaojaribu mambo mapya. Mwanafunzi wa shule ndogo ya Malden alikuwa amejenga shule kubwa kuliko zote.

Afrika Mashariki haijawa na kitu kama hicho. Kinshasa ina mieleka yake ya miaka mingi, inayoitwa catch kwa Kifaransa, ambamo wapiganaji huingia ulingoni na hirizi na vitimbi vya kiganga, watu wakajaa barabarani kuwatazama. Uganda imeanza hivi karibuni. Mnamo 2023, huko Mukono, mashariki mwa Kampala, Daniel Bumba, ajulikanaye kama Bumbash, ambaye sauti yake ilizoeleka kwa kutafsiri mieleka ya runinga kwa Kiluganda, alianzisha kundi la vijana wa kiume na wa kike liitwalo Soft Ground Wrestling. Hawakuwa na fedha za kununua ulingo. Walichimba uwanja wa udongo laini, wakasimamisha nguzo za miti pembeni na kuzungusha kamba, na video zao zikaenea duniani kote. Wengi walizitazama kwa kucheka tope. Ukiziangalia kwa makini utaona videvu vimebanwa vifuani na viganja vikipiga udongo. Mtu fulani amewafunza hao, na udongo wenyewe ulichaguliwa kwa sababu.

Pwani ya Kusini nayo ina walimu wa aina hii, ingawa hawaitwi kwa jina la mieleka. Ni wanasarakasi. Kwa miaka mingi hoteli za Diani zimekuwa zikiwaburudisha wageni jioni kwa vikundi vya vijana wanaopandana mabegani kujenga piramidi, kuruka ndani ya pete na kupita chini ya ufito unaowaka moto. Waliobahatika hupata mikataba ya sarakasi ng'ambo. Wakirudi, magoti yakiwa yamechoka, baadhi yao huchukua watoto wa mtaani na kuwafunza ufuoni bila malipo ya kutajika, na msimu wa wageni ukiharibika, kama ilivyokuwa mwaka wa 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, hata hicho kidogo walichokuwa wakikipata hotelini hukatika.

Yafaa mzazi wa Ukunda akawatazame wakifunza. Hawaanzi kwenye mchanga mgumu. Mwanafunzi mpya hupelekwa juu, karibu na mivinje, ambako mchanga ni mkavu na mguu huzama. Hufunzwa kubiringika begani, kidevu kifuani, mara nyingi mno, kabla ya kuruhusiwa kuruka hata mara moja. Anapoanza kuruka kinyumenyume, mkufunzi hupiga goti pembeni yake, mkono mmoja kiunoni na mwingine nyuma ya paja, na hauondoi mpaka ahisi kwamba mtoto anajigeuza mwenyewe. Katika piramidi, mwenye mabega mapana husimama chini, na wa juu kabisa hafunzwi kupanda kabla hajafunzwa kushuka. Ikiwa mnara utayumba, kila mmoja anajua ataangukia upande gani na ni nani atakayemdaka.

Ni masomo yaleyale ya Malden. Tofauti ni kwamba mwanasarakasi hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba anapigana.

Vijana wanaoiga mieleka huwa hatua hamsini tu kutoka hapo, kwenye mchanga mgumu, na wengine wao ni ndugu wa hao hao wanaojifunza sarakasi. Baadhi ya wakufunzi huwaita waje, kwa kuwa mtu anayependa kubwagwa ni rahisi kumfunza kuruka. Wengine huja. Wapya hao hupitisha jioni zao za kwanza chini ya mivinje, wakibiringika na kuinuka, nywele zimejaa mchanga, huku watalii wakiwapita kwenda kupiga picha za piramidi karibu na maji.